Viwanja vya gofu vya pwani yetu, na vile ninavyoviota

Mpenzi wa gofu anayeishi Mombasa ana neema ambayo wenzake wengi wa bara hawanayo, kwa sababu bila kulala njiani anaweza kufikia viwanja vinne vinavyopigwa na upepo wa Bahari ya Hindi, na kila kimoja kina tabia yake. Nimevicheza vyote kwa miaka mingi, na katika tathmini hii nitavipima kwa mambo mawili ninayoyaona kuwa muhimu kuliko urefu wa uwanja au uzuri wa jengo la klabu. La kwanza ni jinsi uwanja unavyoushirikisha upepo katika mchezo. La pili ni jinsi mlango wake ulivyo wazi kwa mtu asiye tajiri na asiye na jina kubwa. Baada ya hapo nitaeleza viwanja vya mbali ambavyo bado ninaviota, kwa kutumia kipimo hicho hicho.

Naanza na Mombasa Golf Club, kwa sababu ndio uwanja ninaoupenda kuliko yote, ingawa najua wengi watashangaa. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1911, na uwanja wake una mashimo 9 tu, ukingoni mwa kisiwa, kando ya Mama Ngina Drive, mahali ambapo meli zinazoelekea bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mchezaji huweza kusoma jina lililoandikwa ubavuni. Anayetaka kucheza mashimo 18 huzunguka mara mbili. Wageni wanaokuja na hesabu ya urefu wa uwanja huondoka wakisema ni mfupi, na kwa hesabu ya mita wamesema kweli. Hesabu hiyo, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu siku ya Julai ambapo kusi inavuma kutoka baharini tangu asubuhi, na pigo ambalo mwezi Novemba lingehitaji fimbo fupi tu linamtaka mtu achukue fimbo ndefu zaidi kwa hatua tatu, kisha auelekeze mpira mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hangeuelekeza, akiuamini upepo umrudishie.

Msomaji asiyeishi pwani anahitaji kuelewa jambo hili vizuri. Upepo wetu haubahatishi, una misimu. Kuanzia mwezi Desemba hadi karibu na Machi huvuma kaskazi, upepo mkavu wa joto utokao kaskazini mashariki, ule ule uliowaleta mabaharia wa majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kuanzia Aprili huingia kusi, ambayo hupata nguvu zake kamili katikati ya mwaka. Kati ya misimu hiyo miwili kuna maleleji, wakati upepo unapogeuka na bahari kutulia. Kwa hiyo uwanja wa mashimo 9 uliojengwa wazi juu ya mwamba wa matumbawe kwa kweli ni zaidi ya uwanja mmoja, kwa kuwa shimo ulilolizoea Januari halikutambui tena mwezi Julai. Mchezaji aliyejifunza hapa hujifunza kuupiga mpira chini chini ukate upepo, kuuacha ubiringike kwenye ardhi ambayo wakati wa kiangazi huwa ngumu kama sakafu, na kutouonea haya mpira unaofika kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, kwa kutambaa.

Kuna kedi mmoja, yaani mbeba fimbo na mshauri wa mchezaji, mtu mzima katika kisiwa hiki ambaye nimejifunza kwake mengi kuliko kwa mwalimu yeyote. Mchezaji anapong'oa majani machache na kuyarusha hewani ili ajue upepo unakoelekea, yeye hayatazami majani hayo. Hutazama vilele vya mivinje, na kama kuna meli inapita, hutazama moshi wake. Siku moja nilikuwa nimeshika fimbo namba 7 mkononi, bendera ya grini imelegea kabisa, na mimi nimeridhika kuwa hakuna upepo. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, bendera iko chini ya kivuli cha miti, haijui kitu. Huko juu mpira unakopita kuna kusi tupu." Akanitolea namba 5, inayopiga mbali zaidi, kutoka mfuko wa fimbo, na mpira ukaanguka katikati ya grini kama ulivyokusudiwa. Maarifa ya namna hii hayapatikani katika kijitabu cha uwanja, na ni sababu mojawapo ya kumshauri kila mgeni asikubali kucheza pwani bila kedi, hata kama ana chombo cha kupimia umbali.

Kuhusu mlango: klabu zilizoanzishwa nchini zama za ukoloni zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kwa kubeba mifuko au kuhudumia meza. Historia hiyo haifutiki, na sioni haja ya kuificha ninapousifu uwanja. Ninachothamini leo ni kwamba mgeni asiye mwanachama anaweza kulipa ada ya siku na kucheza, na kwamba uwanja huu umekaa jirani kabisa na mahali ambapo Mombasa nzima hupumzika. Jioni, familia hukaa kando ya bahari zikila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, watu hunywa madafu, watoto hukimbizana chini ya mibuyu, na mcheza gofu anajua kwamba yumo ndani ya mji, si katika ulimwengu uliozungushiwa ukuta mrefu. Hali hiyo naipenda sana, na nitairudia nitakapofika Scotland.

Ukivuka daraja la Nyali unafika Nyali Golf and Country Club, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye mashimo 18 kamili. Huu ndio uwanja wa kufanyia kazi. Feawei zake, yaani njia za nyasi zinazoelekea kwenye grini, zimepangwa kati ya miti mikubwa, kwa hiyo upepo hauji moja kwa moja kama kisiwani. Hujificha nyuma ya miti, kisha humpata mpira unapochomoza juu ya vilele, na mchezaji asiyejua hubaki akijiuliza kwa nini pigo safi limekwenda kando. Ukweli ni kwamba Nyali huadhibu pigo lililopinda kuliko uwanja wowote wa karibu, na mtu anayetaka kupunguza handikapu yake, yaani namba inayopima kiwango cha mchezaji, atapata mazoezi ya kutosha hapa ya kuuweka mpira katikati ya njia. Tumbili nao wapo, na wanajua zipu za mifuko. Asiyetaka kupoteza ndizi yake aifunge vizuri. Kwa jumla ni uwanja mzuri wa kila wiki, wenye wanachama wengi wanaoishi jirani, na mgeni mwenye muda wa mzunguko mmoja tu anayetaka mashimo 18 bila safari ndefu asiusite.

Hapa naongeza jambo linalowahusu ndugu zetu wa Nairobi. Mji wao uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya kule ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kwa pigo lile lile. Wakishuka Mombasa hukuta mpira unaanguka mapema, na wengi huulaumu mwili au safari ya treni. Lawama ni ya hewa. Wachukue fimbo moja kubwa zaidi kwa kila pigo, wanywe maji kabla ya kusikia kiu, na waweke mzunguko wao alfajiri, kwa sababu jua la saa sita mwezi Februari halimhurumii mtu.

Uwanja wa Leisure Lodge ulioko Diani, kaunti ya Kwale, una mashimo 18 na kiwango cha mikwaju 72, na nauchukulia kuwa uwanja wa kutembea na familia. Zamani safari yenyewe ilikuwa kikwazo, kwa kuwa mtu aliyekata shauri la kuanza saa moja asubuhi hakuweza kujua feri ya Likoni ingemvusha saa ngapi. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, mwenye gari anaweza kuzunguka upande wa bara na kufika bila kupanda feri kabisa. Uwanja una mibuyu ya kupendeza na ardhi isiyochosha miguu, na aliyeachwa hotelini au ufuoni hana sababu ya kulalamika. Sitakaa hapa zaidi, si kwa kuudharau, bali kwa sababu kinachonivuta Diani ni siku nzima, wala si shimo fulani.

Vipingo Ridge inahitaji maneno mengi zaidi. Uwanja wa Baobab uko Kilifi, kiasi cha kilomita 35 kaskazini ya Mombasa, juu ya kilima kinachotazama bahari, katika ardhi iliyozungukwa na mashamba ya mkonge. Mchoraji wake ni Ronald Fream, Mmarekani, naye alifanya jambo la busara ambalo wachoraji wengi hushindwa kulifanya: aliiacha mibuyu mahali ilipokuwa na kuzipitisha njia za mchezo kandokando yake. Matokeo yake ni kwamba unasimama mahali pa kuanzia, mbele yako kuna mti ambao huenda ulikuwa umekwisha zeeka kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa, na unatakiwa kuamua kwa dhati kama utaupita kushoto au kulia. Twiga na pundamilia huonekana ndani ya eneo hilo, lakini mimi nimeona kwamba mibuyu ndiyo inayoucheza mchezo na wewe.

Kwa ubora wa nyasi na utunzaji, Vipingo inaongoza viwanja vyote vya pwani, na sidhani kuna mchezaji wa hapa atakayenibishia. Grini zake ni pana na zina miinuko, kwa hiyo kufika kwenye grini hakumaanishi kuwa kazi imekwisha. Nyasi za nchi za joto zina tabia ya kulalia upande mmoja, na mpira unaosukumwa kinyume na mlalo huo hukata tamaa mapema, ilhali unaofuata mlalo hukimbia hadi ukashangaa. Njia nzuri ya kuujua mlalo ni kutazama mng'ao: upande unaong'aa ni ule unaolala kukukimbia, na upande wenye rangi iliyokolea unakujia. Katika Vipingo, mahali ambapo grini nyingi zimeinama, mtu asiyejua hili atapoteza mikwaju mitatu au minne bila kuelewa kosa lilikuwa wapi.

Hadhi ya uwanja huu imethibitishwa na wanawake. Magical Kenya Ladies Open, shindano la ziara ya Ulaya ya wanawake, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, lilichezwa hapa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2019, na Esther Henseleit wa Ujerumani akalishinda na kumaliza msimu huo akiwa kinara wa ziara nzima. Mwaka 2023 Aditi Ashok wa India alishinda kwa tofauti ya mikwaju tisa, jambo ambalo katika upepo wa Februari ni la ajabu. Mwaka uliofuata Shannon Tan wa Singapore akatwaa taji akiwa mgeni kabisa katika ziara. Anayetaka kuelewa jinsi uwanja huu unavyofaa kuchezwa atazame jinsi wanawake hao walivyoucheza, kwa sababu mapigo yao yanakaribiana na yetu kwa nguvu kuliko ya wanaume wa kulipwa, na ustadi wao wa kuchagua mahali pa kuuangusha mpira ni darasa lenyewe. Ni fahari kwa pwani kwamba wachezaji wa kiwango hicho wameijua Kilifi kwa jina.

Ila kwa kipimo changu cha pili, Vipingo iko nyuma. Uwanja umo ndani ya mtaa wa kifahari wenye lango na walinzi, ada yake si ya kila wiki kwa mwalimu au karani, na ukiwa huna gari lako mwenyewe ni shida. Ninaupendekeza kwa moyo wote kwa siku maalumu, mtu akusanye akiba, aondoke mapema kabla foleni ya Mtwapa haijaanza, acheze kwa utulivu na asiharakishe mashimo ya juu ambako bahari inaonekana yote. Lakini uwanja ambao watu wengi wanaweza kuuota tu ilhali uko kilomita 35 kutoka kwao unanipa mawazo. Ningependa sana kuona siku chache kila mwezi zikitengwa kwa vijana wa shule za Kilifi na Mombasa, kwa sababu vipaji vipo, na makedi wetu ndio ushahidi.

Jambo jingine linahusu malipo ya kedi. Katika uwanja mmoja wa nchini niliwahi kufika mwisho wa mzunguko ndipo nikaambiwa kwamba kiasi nilichotajiwa asubuhi hakikujumuisha kedi, na kedi mwenyewe akasimama pembeni kwa aibu isiyokuwa yake. Klabu yoyote inayoheshimu watu hutaja malipo ya kedi wazi kabla ya pigo la kwanza. Mgeni aulize mwenyewe asubuhi, na akiridhika na kazi aongeze chochote mkononi.

Sasa ndoto. Nairobi siiweki kwenye ndoto kwa kuwa inafikika, ingawa klabu ya Muthaiga ya huko ina heshima ya pekee: shindano la Kenya Open lilianza mwaka 1967, na mwaka 1978 Seve Ballesteros, kijana wa Kihispania aliyekuja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa dunia, aliushinda ubingwa huo pale. Zanzibar nayo nimeiweka katika mipango zaidi kuliko ndoto. Huko Mangapwani kuna uwanja wa mashimo 9 wa Sea Cliff, kando ya bahari ile ile na upepo ule ule, na mtu aliyelelewa na kisiwa cha Mombasa atajiona kwao.

Augusta National kule Marekani inaonekana kwenye runinga kila Aprili, maua yamechanua, nyasi kama zulia. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1933, ukichorwa na Bobby Jones pamoja na Alister MacKenzie, na mashimo ya 11, 12 na 13 ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi duniani. Nauheshimu, lakini siuoti. Huwezi kucheza pale bila kualikwa na mwanachama. Mwanachama wa kwanza mweusi alikubaliwa mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Uzuri wote ule upo, na mlango umekuwa mwembamba kwa muda mrefu mno. Leopard Creek ya Afrika Kusini, iliyochorwa na Gary Player ukingoni mwa mbuga ya Kruger, inanivuta zaidi kwa mto wake wenye viboko na mamba, lakini nayo ni ya binafsi. Pebble Beach, iliyofunguliwa mwaka 1919 huko California, angalau inampokea yeyote mwenye fedha, na shimo lake la 7, fupi lisilozidi mita 100, likishuka kuelekea baharini, ni shimo ambalo mtu wa Mombasa angelielewa mara moja: umbali wa mtoto, na upepo wa mtu mzima.

Ninaouota hasa ni Old Course ya St Andrews, Scotland. Wengi huuota kwa sababu ya ukongwe wake, na ni kweli kwamba pale ndipo mzunguko wa mashimo 18 ulipoanzia, mwaka 1764, walipounganisha mashimo mafupi na kupunguza idadi kutoka 22. Sababu yangu ni nyingine. Uwanja huo uko juu ya ardhi ya umma. Siku ya Jumapili kwa kawaida hufungwa kwa mchezo, na watu wa mji hutembea juu yake na mbwa wao na watoto wao, wakivuka daraja dogo la mawe la Swilcan kama njia nyingine yoyote. Mgeni asiye na mwenyeji anaweza kuingiza jina lake katika kura inayopigwa siku mbili kabla ya mchezo, na akibahatika hucheza mahali pale pale ambapo Cameron Smith alishinda shindano la Open la 150 mwaka 2022. Kinachotakiwa ni ada na uthibitisho wa handikapu. Haulizwi baba yake ni nani.

Na uwanja wenyewe ni wa upepo tangu mwanzo hadi mwisho. Ni tambarare kwa macho, lakini umejaa vibonde vilivyofichika na mabanka 112, yaani mashimo ya mchanga ya kutegea mipira, mengine yakiwa na majina, na lile la shimo la 14 linaitwa Jehanamu. Grini saba kati ya zake hutumiwa na mashimo mawili kwa pamoja, moja la kwenda na moja la kurudi, na ukubwa wake ni kwamba mtu anaweza kufika kwenye grini na bado akawa mbali na bendera kuliko urefu wa ukumbi wa arusi. Katika shimo la 17 mpira wa kwanza hupigwa juu ya kona ya hoteli, bila kuona unakoangukia. Ardhi ni ngumu, mpira hukimbia, na pigo la chini linalobiringika huthaminiwa kuliko pigo la juu la kupendeza. Kila ninapousoma mpangilio wake naona mambo yale yale ambayo kusi hutufundisha kwenye mashimo 9 ya kisiwani, yamewekwa katika nchi ya baridi kwa ukubwa zaidi.

Kwa anayekusudia kuja kucheza pwani mwaka huu, ushauri wangu ni huu. Akitaka uwanja katika utulivu wake, aje wakati wa maleleji ya Novemba, akijua mvua za vuli huenda zikamkatizia mzunguko. Akitaka kuujua uwanja wa kisiwani kama ulivyo, aje Julai au Agosti, aweke nafasi asubuhi ya siku ya kazi kwa kuwa mwisho wa wiki mashindano ya wanachama hutangulia, avae fulana yenye kola, na aombe kedi mtu mzima anayezijua nyakati za upepo. Akimaliza duru ya kwanza na kuona alama zake mbaya, asiondoke. Azunguke mara ya pili na fimbo ndefu zaidi mkononi.